Nipigeni kwa Vina, Acheni Makofi

Mimi na kidole gumba hatuelewani. Si hiki changu, maskini, ambacho usiku kucha kinabonyeza herufi. Nasema kile cha manjano, kinachochomoza chini ya shairi kabla mtunzi hajaweka simu mezani. Katika kundi letu la WhatsApp la washairi wa Musoma, Bunda na Butiama, ukirusha utenzi wa beti sitini simu yenyewe huukata katikati na kuandika "Soma zaidi". Hapo ndipo imani ya mtu inapopimwa. Nani abonyeze? Hakuna. Lakini kidole kimeshafika, makofi yameshafika, miali ya moto imeshawaka, na fundi cherehani wa Nyasho ameshaandika: "Kongole malenga, umemaliza kila kitu." Nimemaliza nini, ndugu yangu? Umesoma beti mbili. Ubeti wa arobaini nimekutukana wewe.

Na wala hajajua. Kesho yake tumekutana Mtaa wa Mukendo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili: "Malenga, lile la jana lilinigusa."

Sisi ni watu wa kawaida tu. Yupo huyo fundi cherehani, yupo dereva wa hiace ya Musoma na Bunda, yupo mama muuza dagaa wa Mwigobero, yupo muuguzi wa Bunda anayetunga akiwa zamu ya usiku, na yupo mwalimu mstaafu wa Kiabakari. Lakini ukifungua kundi huwaoni hao. Utakutana na simba, chui, nyati na mamba, kila mmoja na cheo chake cha ushairi. Geti la Ndabaka liko kandokando ya barabara ukitoka Mwanza kuja Bunda. Ukiingia hapo unaweza kuzunguka Serengeti siku nzima ukaambulia simba wawili waliolala. Kwetu wako macho wote, na wote wana bando. Wafalme wa vina peke yao ni wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtangazia mwenzake vita. Ufalme gani huo?

Sehemu ya lawama naitupia jiografia. Vina vilipogawiwa mkoani Mara, haki haikutendeka. Musoma inaisha kwa ma, Butiama inaisha kwa ma. Mtu wa Musoma akitaka kuusifu mji wake anaokota huruma, salama, lawama na kiama palepale mlangoni. Na mama. Ndiyo sababu mashairi yetu yote kuhusu ziwa huishia kumlilia mama mzazi. Shairi linaanza vizuri, mawimbi yapo, mawe yapo, mitumbwi ipo. Likifika mshororo wa tatu kina kinadai chake, mama anaingia, na mama akishaingia kwenye shairi la Kiswahili hakuna wa kumtoa.

Bunda wana nda: penda, tenda, konda, kidonda. Hawana ujanja, wote wanaandika mapenzi. Nilimuuliza yule dereva imekuwaje shairi lake la kuhimiza kilimo cha pamba likaishia kwa msichana aliyemwacha stendi. Akanijibu kwa unyonge, "Kaka, nia ilikuwa kumalizia na pamba. Kosa ni kwamba nilianza na Bunda."

Wateule ni watu wa Kiabakari, wilayani Butiama. Wamepewa ri: shairi, bahari, habari, hatari, hodari, tayari. Hao wanaweza kutunga alfajiri mpaka alfajiri nyingine. Serengeti nao hawakukosa, wana bahati, wakati, chapati, na tamati ya kufungia. Tarime wana umeme na mfalme, na huo umeme wenyewe hukatika. Ninayemhurumia ni mwenzetu wa Rorya. Kina cha rya kina ndugu wawili, Mkurya na Kisorya, basi. Ndiyo maana huyu bwana ameshaandika kuhusu Dubai, Uturuki na sayari ya Zuhura, kwao hajapagusa.

Halafu kuna jambo la l na r, ambalo sisi wa Mara tunalijua na tusingependa majirani walisikie. Sheria ya kina inasema la ni la na ra ni ra. Vinywani mwetu hizo mbili zinaazimana nguo. Mwenzetu mmoja alianza shairi la huzuni kwa kutangaza kwamba karamu yake imekaribia kwisha. Kundi likachangamka. Mmoja akauliza mchango ni shilingi ngapi, mwingine akataka kujua kama nyama ni ya ng'ombe au ya mbuzi, wa tatu akalalamika kwa nini inakaribia kwisha na yeye hakualikwa. Mpaka jioni mshairi alikuwa amepokea ahadi ya kreti mbili za soda, akaona aibu kusema alikusudia kalamu. Mimi nilimwonea wivu. Watu wale walikuwa wamesoma mshororo mzima.

Msomaji wa kweli tuliyekuwa naye ni mmoja, na hakupendwa: mwalimu mstaafu wa Kiabakari. Kongole hatoi, makofi hapigi. Hujibu kikaguzi: "Ubeti wa 3, mshororo wa 2, utao una mizani 7. Rekebisha." Basi, ameondoka. Umeandika msiba au harusi, kwake ni mamoja. Kijana mmoja alimtungia marehemu baba yake shairi lililotuliza hata tuliosoma kichwa cha habari tu. Mwalimu akajibu: "Pole kwa msiba, mura. Ila m ya mtu ina mizani yake." Na ni kweli. Mshororo wa shairi tulilozoea una mizani 16, nane ukwapi na nane utao, na ile m ya mtu hukaa peke yake kama abiria aliyelipa nauli kamili. Kijana hakulipokea hivyo. Alisema mwalimu hana utu. Mwalimu akamwandikia: "Utu ni mizani 2. Hapo umehesabu vizuri."

Wenzangu wanasema mtu wa aina hiyo anaua ari. Hata mimi ananikera. Ananikera kwa sababu mtu anayehesabu silabi zako amezipitia zote, pamoja na zile ulizozichomeka usiku wa manane ukitumaini hakuna atakayeziona. Yeye hubonyeza "Soma zaidi". Hubonyeza mpaka mwisho, halafu anarudi juu.

Mzee huyu ni wa enzi ya stempu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi ya wasomaji, na baadaye Uhuru na Mzalendo wakaendeleza. Enzi hizo, anasimulia, unatunga shairi Kiabakari, unalipeleka posta, linasafiri hadi Dar es Salaam, unasubiri wiki na wiki. Likitoka, chini yake pana jina lako na sanduku lako la posta, ili adui ajue unakopatikana. Na adui hakosi. Mtu wa Tanga ambaye hujawahi kumwona uso anakujibu gazetini kwa vina vilevile, ubeti kwa ubeti, akikuonyesha ulipopotoka. Nawe unanunua stempu. Ugomvi mmoja unaweza kula nusu mwaka. Mwalimu anamtaja hasimu wake wa Tanga kwa upendo ambao sijawahi kumsikia akiutumia kwa shemeji zake.

Hata huyo wa Tanga hakubuni kitu kipya. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki karibu na mwaka 1840, aliishi enzi za Mombasa na Lamu kuwindana, vita vikapiganwa Shela, na upande wa Lamu akasimama mshairi Bwana Zahidi Mngumi. Mashairi yakavuka bahari kwenda kuchokoza na kurudi na majibu. Miaka ya 1970 uchaguzi wa ubunge ulipowagawa watu wa Lamu, washairi walirushiana tungo zilizosambazwa kwa kanda za kaseti, zikajulikana kwa jina la Kimondo. Walikuwa na jahazi, walikuwa na kaseti, na kila mtu alipata jibu lake. Sisi tuna mnara wa simu mpaka Kisorya, na jibu letu ni kidole.

Ukiyasema haya katika kundi, watu wa Butiama wana dawa yao: wanamtaja Mwalimu. Siyo wa Kiabakari, ni yule Mwalimu mwenyewe. Ukimwambia mtu wa Butiama kwamba shairi lake limechechemea, anakuuliza kama unajua unabishana na kijiji gani. Kijiji kilichomzaa mfasiri wa Shakespeare! Hapo wako sahihi. Nyerere alitoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na akiwa mstaafu akaziweka Enjili na Matendo ya Mitume katika tenzi, zikachapishwa Ndanda-Peramiho mwaka 1996. Wanachokiruka ni kwamba katika kumfasiri Shakespeare hakuweka vina, maana Mwingereza yule kwa sehemu kubwa hakuvitumia katika tamthilia zile. Aidha, Mwalimu alikuwa mtu wa hoja. Ukimpinga, anakujibu. Leo majirani wa kaburi lake Mwitongo wanalitumia jina lake kuzimia hoja, na wakishazizima wanapeana makofi.

Habari ya vina ndiyo inayonichoma zaidi. Kijana mmoja wa Bunda alileta shairi lisilo na vina wala mizani. Nikasema leo patachimbika, nikaenda kununua bando la wiki nzima. Maana ugomvi huo una historia, tena hapahapa kwetu. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, alichapisha Kichomi, diwani iliyovunja kamba za mapokeo. Ukerewe siyo mbali: unapanda kivuko Kisorya, wilayani Bunda, unashukia Rugezi. Wanamapokeo walikasirika hadharani, wakaandika, wakajibiwa, wakaandika tena, na mpaka leo wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanausoma ugomvi ule ili wajibu mtihani. Hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri mimi na bando langu. Nikaona nini? Makofi. "Kongole malenga chipukizi." Usiku wazee kadhaa wakamwandikia admini faraghani kwamba guni limeingia nyumbani, na asubuhi kijana hakuwamo. Kezilahabi alipata wapinzani. Kijana wetu alipata emoji, kisha mlango.

Nilimpigia simu admini kumuuliza. Admini wetu ni mtu mzima, ana wajukuu, na husema kwa upole kana kwamba anaendesha kikao cha harusi.

"Mzee, kwa nini hamkumjibu yule kijana kwa hoja?"

"Tulitaka kulinda moyo wake, ndugu yangu."

"Kwa kumtoa?"

"Tumemtoa kwa upendo."

Kuna na wale waliojitoa wenyewe bila kuondoka. Tangu mwaka 2023 serikali imekuwa ikitoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu kila Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu, na mshindi wa kwanza wa ushairi huondoka na shilingi milioni 10. Tangu habari hizo zifike Musoma, wafalme wetu wote wanne hawarushi tena mashairi yao mazuri. Wanasema yataibwa. Kundini wanaleta yale mabovu, na kwa ushahidi wa makofi, hakuna aliyegundua tofauti.

Mara moja tu kundi liliwahi kuwa hai. Fundi wa Nyasho alirusha shairi tamu la wavuvi wa dagaa: mwezi mpevu juu ya ziwa, nyavu zimejaa fedha, kina cha mwisho ma bila shaka, na mama mzazi yuko ufukweni analia. Makofi yakamiminika. Ndipo akaingia mama wa Mwigobero, ambaye kawaida hukaa kimya kwa sababu bando lake ni la kuulizia bei. Kongole hakuandika. Aliandika beti tano kwa vina vilevile, akamweleza fundi kwamba mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa wako majumbani mwao wanakoroma. Dagaa hufuata taa, na taa haina kazi pale mbingu nzima inapong'aa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola na betri, ila giza linalohitajika ni lilelile. Ubeti wa mwisho akamshauri aandike kuhusu vifungo na zipu, vitu anavyovifahamu.

Nikakaa wima kitandani.

Fundi alijibu baada ya saa nzima, na nilijua alikuwa anahesabu kwa vidole. Akasema mshairi huona ambavyo jicho halioni. Mama akarudi hapohapo: kama ni hivyo, mshairi aje kesho sokoni anunue dagaa ambao jicho halioni, kwa noti ambazo jicho halioni, akawapikie watoto wake, nao washibe kwa macho. Dereva akaingia kwa voisi kutoka stendi ya Bunda, injini inanguruma nyuma yake, akimtetea fundi kwa vina vya nda, na kabla ya ubeti wa tatu akawa ameshaachwa na msichana. Muuguzi akamuunga mkono mama. Mwenzetu wa Rorya, kwa mara ya kwanza, alitaja kwao. Na karibu na saa sita usiku mwalimu wa Kiabakari alimwandikia mama wa Mwigobero ujumbe ambao hatujawahi kuuona kutoka kwake: "Mizani 16 kote. Endelea, mama." Kwa mzee yule hiyo ni nishani.

Usiku ule nilijifunza habari za dagaa kuliko miaka yote niliyowala. Nilijifunza anayeanikia mchangani anauzaje na anayeanikia kwenye chanja anauzaje, mvua ikiwakuta juani hasara ni ya nani, na kwa nini wiki ya mbalamwezi bei hupanda. Vyote kwa vina. Nilibonyeza "Soma zaidi" mpaka kidole kikafa ganzi.

Alfajiri admini alifunga kundi. Wa kuandika wakawa viongozi peke yao, "ili kuepusha mifarakano na kudumisha upendo". Lilipofunguliwa tulipewa kanuni kumi. Kanuni ya nne: ni marufuku kulijibu shairi la mwanakundi kwa shairi bila idhini ya uongozi. Kanuni ya saba: mwanakundi asijibu shairi la mwenzake kwa shairi pasipo ruhusa ya uongozi. Kanuni ya kumi: tupongezane. Makofi yalikuwa mengi kuliko ya shairi lolote nililowahi kuliona humo, na fundi wa Nyasho akaandika kwamba kanuni zimemgusa.

Mtu mmoja tu alizisoma. "Kanuni ya 4 na ya 7 ni kitu kimoja," aliandika mwalimu. "Futa mojawapo, mura."

Kumwita mura, yaani kijana, mtu mwenye wajukuu, tena admini! Hata adhuhuri haikufika, mwalimu akatolewa. Kwa upendo. Mama wa Mwigobero alimfuata kwa hiari yake jioni ileile, na nasikia wawili hao sasa wanajibizana kwa ujumbe mfupi wa kawaida, ubeti mmoja mmoja, na kwamba mzee anapendelea hivyo kwa kuwa kunamkumbusha posta.

Nami nikataka kujua tulikuwa tumebaki na nani. Nikachukua ubeti mmoja, nikaunakili mara tatu bila kubadilisha hata nukta, nikaipa kila nakala namba yake, moja, mbili, tatu, nikarusha. Kidole kikaja. Makofi yakaja. Mfalme mmoja wa vina akanisifu kwa mtiririko wa mawazo, mwingine akasema nimekomaa. Fundi wa Nyasho akaandika kwamba beti zote ni nzuri, ila ule wa tatu ndio umemtoa machozi.